Vera Lynn Hakuwa Tarumbeta la Dola

Tangu Uingereza ilipoadhimisha, mwaka 2025, miaka 80 ya kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, sauti ya Vera Lynn imerudi kusikika kila pembe: kwenye video fupi za mitandaoni, kwenye maonyesho ya makumbusho, kwenye simu za vijana ambao hata bibi zao walikuwa hawajazaliwa mwimbaji huyu alipoanza kusikika redioni. Na kila inaposikika, mabishano yale yale hufufuka. Wapo wanaomshika kama bendera, alama ya taifa lililosimama imara peke yake huku mabomu yakidondoka. Wapo pia, na hawa nawasikia zaidi miongoni mwetu tunaoikumbuka dola ile kwa sura nyingine, wanaosema alikuwa chombo cha propaganda, bibi mwenye sauti tamu aliyetumwa kuwapumbaza vijana waende kufa. Makundi haya mawili hayapatani kwa lolote, ila yamekubaliana jambo moja bila kujua, kwamba Vera Lynn alikuwa sauti ya dola. Hapo ndipo yanapokosea yote mawili. Wakubwa wa utangazaji wa Uingereza hawakumtaka wakati vita vimepamba moto, na vita vilipokwisha walimwambia zama zake zimepita. Kama alidumu katika kazi ya uimbaji kwa zaidi ya miaka 80, alidumu kwa sababu alielewa mapema, kabla ya waliokuwa wakiiendesha redio, kwamba redio ni mtu mmoja anayezungumza na mtu mmoja.

Tuanze na alikotoka, maana bila hapo mengine hayaeleweki. Alizaliwa Machi 20, 1917, East Ham, mashariki mwa London, kwa jina la Vera Welch. Baba yake alikuwa fundi bomba, mama yake fundi cherehani. Akiwa na miaka 7 alikuwa tayari anaimba kwa malipo kwenye klabu za wafanyakazi, zile kumbi za moshi wa sigara na glasi za bia ambamo mtoto asiyejua kuwashika watu huzomewa au, mabaya zaidi, hupuuzwa. Alipofika miaka 11 alichukua jina la ukoo wa bibi yake, Lynn, kwa ajili ya jukwaa. Alipomaliza shule alijaribu kazi ya kiwandani, kushona vifungo. Alikaa siku moja. Jioni baba yake alipiga hesabu na kuona kwamba usiku mmoja wa kuimba ulilipa kuliko wiki nzima ya vifungo, na kiwandani hakurudi tena. Nasimulia haya kwa sababu wengi humdhania binti wa tabaka la juu, pengine kwa jinsi alivyotamka maneno yake kwa usafi akiimba. Alikuwa mtoto wa watu wa kazi, na uimbaji kwake ulikuwa kazi ya mkono kama ya baba yake.

Mwaka 1935 alisikika redioni kwa mara ya kwanza, akiwa na bendi ya Joe Loss. Mwaka 1937 alijiunga na bendi ya Bert Ambrose, iliyokuwa miongoni mwa bendi kubwa za dansi London. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo kwa mwanamke, ya chini, yenye kitu kama kilio kilichomezwa kwenye koo. Mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kwenda kwa mwalimu wa sauti ili aongeze upeo wake, na mwalimu akakataa kumfundisha kwa kuwa, kwa maoni yake, ile haikuwa sauti ya asili. Kwa kipimo cha opera mwalimu yule pengine alikuwa sahihi. Lakini maikrofoni ilikuwa imeshabadilisha kipimo. Mwimbaji wa zamani alilazimika kuujaza ukumbi kwa pumzi yake, na ukiujaza ukumbi unaimbia umati. Maikrofoni ilimruhusu mtu aimbe kwa sauti ya mazungumzo, na sauti ya mazungumzo humfikia mtu aliyeketi jikoni kwake peke yake. Lynn alichagua funguo za chini na alitamka kila neno likafika zima. Msikie kwenye rekodi ya 1939 ya "We'll Meet Again", ambayo nyuma yake kuna kinanda kimoja tu cha umeme kinachotetema kama taa ya kibatari. Hakuna tarumbeta wala ngoma. Ni mwanamke anamwambia mtu mmoja kwamba wataonana tena, hajui wapi, hajui lini.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika suala hili, kwa kuwa anacho kitu mkononi ambacho wachambuzi wengi wa Ulaya hawana. Anakijua kipindi cha salamu. Amekua akisikia majina yakisomwa mfululizo: baba fulani wa Tabora, shangazi fulani wa Korogwe, na wote wanaonifahamu. Anakumbuka "Ugua Pole" ya Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyowafikia wagonjwa vitandani. Nyumbani kwetu kadi za salamu zilikaa juu ya kabati la vyombo, na mama alizijaza kwa herufi kubwa, taratibu, akihesabu majina ili nafasi isimwishie kabla hajamtaja mjomba. Mtu asiyejua angeuliza kuna faida gani kusikia jina lako likisomwa na mtangazaji asiyekufahamu. Aliyewahi kulisikia la kwake haulizi. Basi Novemba 1941 Vera Lynn alianzisha BBC kipindi kilichofanya jambo hilo hilo. Kiliitwa "Sincerely Yours", maneno ambayo Mwingereza huyaandika mwishoni mwa barua kabla ya kutia sahihi, na kilikuwa barua kweli. Kilirushwa Jumapili usiku baada ya taarifa ya habari ya saa tatu, wakati ambao nyumba nyingi zilikuwa zimeshatega sikio. Aliimba, halafu akasoma ujumbe. Alikwenda hospitali kuwaona wanawake waliojifungua ambao waume zao walikuwa mbali, akawapelekea maua, kisha akamwambia askari fulani hewani kwamba amepata mtoto na mama yake hajambo. Kijana aliye jangwani Afrika Kaskazini anapata habari ya mwanawe wa kwanza kutoka kwenye spika ya redio, na anayempa habari hiyo ni sauti ile ile itakayomwimbia dakika moja baadaye. Vera Lynn hakuupata umaarufu kwa bahati mbaya ya historia, kama watu wanavyopenda kusema. Aliutengeneza, jina baada ya jina.

Sasa tuiangalie BBC yenyewe. Bodi ya magavana wake ilikiangalia kipindi hicho na kuandika kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba wanakisikitikia, ila umaarufu wake wameuona. Sentensi hiyo fupi inaeleza uhusiano wote. Maofisa waliostaafu na wazee wa heshima walilalamika kwamba nyimbo za mapenzi na machozi zinawalegeza askari, kwamba mtu anayekwenda vitani anahitaji nyimbo za gwaride. Julai 1942 BBC ikatoa sera ya muziki wa dansi iliyokusudia kuwaondoa hewani wanaume wanaoimba kwa sauti zilizolegea na wanawake wanaoimba kwa hisia zilizopitiliza. Vera Lynn hakutajwa kwa jina, lakini kila mtu alijua kivuli cha nani kiko ukutani. "Sincerely Yours" kilikuwa kimeshaondoka hewani baada ya miezi michache tu, ingawa mwenyewe aliendelea kupata vipindi vingine, kwa sababu askari waliokuwa wakimwita Mpenzi wa Majeshi walimtaka na hawakuacha kumtaka.

Kwa hiyo hoja ya propaganda, ambayo ndiyo hupigiwa kelele zaidi, ndiyo dhaifu kuliko zote. Ili iwe kweli, tungetarajia mambo mawili. Kwanza, kwamba wenye dola walimtuma. Tumeona kwamba walimvumilia kwa shingo upande. Pili, kwamba nyimbo zake zilihimiza vita. Chukua "We'll Meet Again", iliyotungwa na Ross Parker na Hughie Charles, uisome neno kwa neno. Hamna adui ndani yake. Hamna mfalme, hamna ushindi, hamna bendera, hata neno vita halimo. Mtu aliyefungwa jela angeweza kuuimba, na baharia, na mama aliyemsindikiza mwanawe stesheni kwenda mjini kutafuta kazi. Chukua ule mwingine, "The White Cliffs of Dover", ambao leo unachukuliwa kama hati ya kuzaliwa ya Mwingereza. Uliandikwa na Wamarekani wawili, Walter Kent na Nat Burton, na ndege wa bluu wanaotajwa humo ni wa Amerika, hawaruki juu ya majabali ya Dover. Kuna aliyejaribu kweli kuugeuza wimbo huo kuwa wa siasa: mwaka 2009 chama cha mrengo mkali wa kulia, British National Party, kiliutia kwenye santuri ya kuchangisha fedha za kampeni. Vera Lynn alikuwa na miaka 91. Akawaelekeza mawakili wake walishughulikie jambo hilo, na msemaji wake akaeleza kwamba hakuombwa idhini na wala hafungamani na chama chochote.

Najua kuna jibu la haraka: kwamba propaganda iliyo nzuri ndiyo isiyoonekana kuwa propaganda, na kwamba kumtuliza askari nako ni kuitumikia vita. Hilo halikanushiki kirahisi. Aliyemfariji askari alimsaidia kubaki kwenye handaki siku ya pili. Lakini tukilikubali hilo lote, itabidi tumhesabu mpishi wa kambi kuwa mpropaganda, na mke anayeandika barua, na kasisi. Neno litakuwa limepanuka hadi likakosa kazi. Tena linatupofusha tusione kilichowatisha wale magavana. Wimbo unaomkumbusha askari kwamba kuna mtu anamngoja unamkumbusha pia kwamba maisha yake yana thamani nje ya vita. Jeshi lolote lina sababu ya kuogopa wazo hilo likiingia kambini, na wazee wale, pamoja na ubaridi wao wote, waliliona vizuri kuliko wachambuzi wa leo.

Safari ya Bama, nchi inayoitwa leo Myanmar, inaonyesha jambo hili kwa karibu. Mwaka 1944 Vera Lynn alipewa nafasi ya kwenda kuimbia askari kupitia shirika la burudani za kijeshi la ENSA, na alitaka kupelekwa kule ambako wasanii wengine hawakwenda. Walikokuwa hawaendi ni Bama, kwenye Jeshi la Kumi na Nne la Jenerali William Slim, lililojiita lenyewe jeshi lililosahaulika. Alipitia Gibraltar, Misri na India, akafika uwanja wa mapigano wa Arakan, magharibi mwa Bama, akiwa na mpiga piano wake na piano ndogo iliyopakiwa kwenye lori. Njia za milimani zilikuwa zikiitingisha na joto likilegeza nyuzi zake, kwa hiyo kila kituo ilikuwa na sauti nyingine. Alivaa kaptura ya kaki. Aliimba mbele ya maelfu wakiwa wamekaa chini ardhini, kisha akaingia kwenye mahema ya hospitali akaimba kando ya vitanda, kwa mtu mmoja, sauti ya chini. Alieleza baadaye kwamba walichotaka zaidi ilikuwa habari za nyumbani, hali ikoje, watu wanakula nini. Hilo la kando ya kitanda na lile la Jumapili redioni ni kazi moja. Umbali tu ndio uliotofautiana.

Hapa ndipo habari hii inapoingia nyumbani kwetu, na inaingia kwa mlango wa nyuma. Vera Lynn aliondoka Bama kabla ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kuingia kwenye mapigano. Askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa (leo Malawi) waliingia katikati ya mwaka ule, wakati wa masika ya Asia, wakashuka bonde la Kabaw kwenye tope lililofika magotini, malaria ikiwamaliza sambamba na risasi, hadi wakauvuka mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba. Wengine hawakufika hata hapo. Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, wakafa watu wapatao 1,300, mamia yao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mzee mmoja wa mtaa niliokulia, aliyeitwa na watoto wote Babu Bama, alikuwa akitusimulia juu ya mvua ile tu. Vita vyenyewe hakuvitaja. Mvua aliitaja.

Kwa hiyo ukisema sauti ya Vera Lynn iliwafariji askari wa Bama, swali la haki ni: askari gani? Wa kwetu walikuwa na wao. Jeshi lilikuwa na kikosi chake cha burudani cha Waafrika wa Mashariki, na mmoja wa walioingizwa humo na kupelekwa Asia alikuwa kijana wa pwani ya Kenya, Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924, ambaye baadaye gitaa lake lingekuwa msingi wa muziki wa dansi wa Kiswahili wa miaka ya 1950. Fikiria maana yake. Katika vita vile vile, upande ule ule wa dunia, kulikuwa na vijana wakiimba kwa Kiswahili kwa watu waliokuwa mbali na Kitui, Songea na Kampala, na kazi waliyoifanya ilikuwa ile ile ya mwanamke wa East Ham. Mmoja aliitwa Mpenzi wa Majeshi. Wa pili alirudi nyumbani kutafuta riziki. Nitarudi kwenye hilo.

Vita vilipokwisha, Vera Lynn alijifungua binti yake mwaka 1946 na akapunguza kazi. Aliporudi alikuta mlango umefungwa nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 BBC haikuwa na haja tena na mtindo wake. Aliambiwa nyimbo za machozi zimepitwa na wakati. Mwimbaji aliyetengenezwa na dola angeishia hapo, kama walivyoishia wengi baada ya nguo za kijeshi kutundikwa. Yeye akavuka, akatangaza kupitia Radio Luxembourg, redio ya kibiashara iliyosikika Uingereza kutoka bara la Ulaya bila kuomba ruhusa ya BBC. Mwaka 1952 akarekodi "Auf Wiederseh'n Sweetheart". Tua kidogo kwenye jina hilo. Ni wimbo wa Kijerumani, wenye kwaheri ya Kijerumani kwenye jina lake, miaka 7 tu baada ya London kuacha kudondokewa na mabomu ya Wajerumani. Na kwaya inayoitikia nyuma yake ni ya askari wa Uingereza. Ulishika namba moja Marekani kwa wiki 9, na kumfanya msanii wa kwanza kutoka Uingereza kufika kileleni kwenye chati za huko. Mwaka huo huo Uingereza ilipochapisha chati yake ya kwanza kabisa ya santuri, nyimbo zake tatu zilikuwemo. Usiku alikuwa jukwaani kwenye ukumbi wa Adelphi, London, katika onyesho la "London Laughs" lililoendelea hadi 1954. Anayetaka kumwita mwimbaji wa uzalendo na aueleze kwanza wimbo huo wa 1952.

Kuna hoja nyingine, na hii ina uzito zaidi: kwamba umri wake mrefu wa kazi uliishi kwa kumbukumbu, si kwa muziki. Mwaka 2009, akiwa na miaka 92, albamu ya mkusanyiko wake ilishika namba moja Uingereza, na hakuna msanii aliye hai mwenye umri mkubwa zaidi yake aliyewahi kufanya hivyo. Mwaka 2017, alipotimiza miaka 100, albamu nyingine iliingia kumi bora. Lakini zote mbili zilijengwa juu ya rekodi za zamani. Hakuna aliyetoka dukani na albamu ya kantri aliyoirekodi Nashville mwaka 1977 (na nasikitika, maana Mkenya aliyekulia kwenye nyimbo za kantri za Jim Reeves angeipenda). Watu walinunua miaka ya 1940. Nakubali kwamba kumbukumbu ilifanya kazi kubwa, na kwamba biashara ya santuri ilijua kuikamua. Ila kumbukumbu haielezi kwa nini ni yeye. Gracie Fields alikuwa nyota mkubwa kuliko yeye vita vilipoanza. Anne Shelton aliimbia askari wale wale, redio ile ile, kwa sauti ambayo wajuzi wengi waliiona bora, na alipata namba moja yake mwaka 1956. Waimbaji hawa wanakumbukwa kwa heshima. Vera Lynn anarudi watu wanapokuwa na uhitaji, na kurudi kunatofautiana na kukumbukwa. Aprili 5, 2020, nchi ikiwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona, Malkia Elizabeth alihutubia taifa na kumalizia kwa maneno ya "We'll Meet Again", kwamba tutakutana tena. Waliokuwa wakiyasikia wengi wao hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya vita. Walikuwa na mama aliye wodini ambaye hawaruhusiwi kumwona. Vera Lynn mwenyewe alikufa miezi miwili baadaye, Juni 18, akiwa na miaka 103.

Hoja inayonisumbua mimi zaidi hutajwa mara chache kuliko zote. London ya vita ilikuwa na waimbaji weusi wa kiwango cha juu. Adelaide Hall, mzaliwa wa New York aliyehamia London mwishoni mwa miaka ya 1930, aliimbia askari na alikuwa na kipindi chake BBC. Mwaka 1940, akiwa jukwaani Lewisham, aliendelea kuimba huku ndege za Wajerumani zikishambulia nje, ili watu waliofungiwa ukumbini wasihangaike. Elisabeth Welch alikuwa na mfululizo wake redioni tangu 1934 na aliendelea kupanda majukwaani hadi uzeeni kabisa. Kazi zao zilikuwa ndefu karibu sawa na ya Lynn, na ya Hall ilianza mapema zaidi. Kwa nini basi taifa likiwa na hofu halizikimbilii sauti zao? Sehemu ya jibu ni ngozi, na sioni njia ya kulizunguka hilo. Jirani wa kufikirika ambaye redio ilimtafuta mwaka 1941, yule dada wa mtaani anayekusubiri, alikuwa amechorwa kuwa mweupe kabla wimbo haujaanza. Ustadi wa Lynn ulikuwa wa kweli, lakini ulipewa chumba ambacho wengine waliachwa barazani. Kulikubali hili hakubomoi hoja yangu. Kunaiongezea makali, kwa sababu kama siri ilikuwa ni ile namna ya kuzungumza na mtu mmoja, basi siri hiyo ilikuwa mikononi mwa wengi, na walioitunza kwa makusudi ni wachache.

Neno kutunza ndilo linalopotea katika mabishano haya yote. Albamu ya 2009 iliwezekana kwa sababu kampuni yake ilikuwa na rekodi za miaka 70 nyuma, zikiwa salama, zikiwa na majina ya watunzi, tarehe, na mtu wa kulipwa. Kazi ndefu ya mwimbaji haijengwi na koo peke yake. Kuna mtu aliyeandika lebo kwenye boksi mwaka 1939 na kuliweka mahali pakavu. Sisi tuna sauti zilizofanya kazi ile ile na hatujui hata ziko kwenye rafu gani. Kanda za redio zetu za taifa zimepigana na unyevu kwa miongo kadhaa; nyimbo za miaka ya 1950 zinasambaa bila majina ya waliozipiga; na kikosi kile cha burudani kilichowaimbia askari wa Kiafrika Asia hakina, mitaani kwetu, hata wimbo mmoja ambao mtoto wa shule anaweza kuuimba. Tukimlaumu Vera Lynn kwa kuwa dola yake ilimfanya alama, tunakwepa swali la kwa nini wa kwetu hatukuwafanya hata kumbukumbu.

Napendekeza kitu kidogo kwa watayarishaji wa redio za Kiswahili, wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, na wale wa idhaa za nje. Ikifika Agosti 15, siku Japani iliposalimu amri, msiishie kuupiga ule wimbo wa 1939 kama picha ya ukutani. Upigeni, kisha mpige Fundi Konde. Halafu fungueni laini za simu, kama mlivyokuwa mkifanya zamani, watu watume salamu kwa jina la babu aliyekwenda Bama: jina lake, kijiji chake, na kama alirudi. Familia zinayo majina hayo. Yapo kwenye vyeti vilivyokunjwa ndani ya Biblia na misahafu, na kwenye vinywa vya wazee ambao bado wanakumbuka ni nani aliyesindikizwa hadi stesheni ya treni mwaka ule.